Bei ya PlayStation Ulaya na fremu ya mdogo wangu

Najua nimeadimika. Nilikuwa na zamu za usiku wiki mbili mfululizo, nikirudi naanguka kitandani na viatu. Leo nina off. Nimefua, nimelala mpaka saa nane mchana, nimekunywa chai ya tangawizi, sasa nina nguvu za kugombana na mtu.

Mtu mwenyewe ni mdogo wangu, yule wa Morogoro, anajijua. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika akanijibu "andika tu dada, mimi sina cha kuficha". Haya, shauri yake!

Kisa chenyewe hiki hapa. Mdogo wangu anataka kufungua kibanda cha gemu. Nikampa hela ya kuanzia. Kapata fremu nzuri karibu na stendi, kalipia kodi miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wanavyotaka, elfu themanini kwa mwezi. Kanunua TV tatu za mtumba, kapiga mabenchi, kapaka rangi ukutani, kamchora na Samatta (haifanani naye hata kidogo lakini tumshukuru mchoraji). Kilichobaki ni mashine tatu za PlayStation, ambazo mimi niliyeko huku Randburg nilitakiwa nizinunue nizitume. Hela ninazo, nimeziweka pembeni. Sasa nikitaka kwenda dukani ananiambia: "Dada subiri kwanza. Nimesoma Ulaya wanataka kupunguza bei ya PS5. Wakipunguza, PS4 itakuwa bei ya karanga."

Huu ni mwezi wa tatu nasubiri. Fremu imefungwa, kodi inaliwa, Samatta anatazama mabenchi matupu.

Msimamo wangu ni kwamba hiyo bei ya Ulaya tusiisubiri. Na naandika hapa badala ya kumwambia kwenye simu kwa sababu si yeye peke yake. Binamu wawili na rafiki yangu mmoja wa chuo wameshaniuliza swali hilo hilo: "Bondeni huko PlayStation zinashuka lini?"

Kwanza nimtendee haki. Hakulitoa kichwani mwake tu. Sisi wote tuliokua na PS2 tulifundishwa hivyo: mashine ya gemu ikitoka ni ghali, ukivumilia inashuka. Na kweli ilikuwa inashuka. PS2 ilipoingia Marekani Oktoba 2000 iliuzwa dola 299. Mei 2002 ikawa 199, Mei 2003 ikawa 179, Mei 2004 ikawa 149, Aprili 2006 ikawa 129, na Aprili 2009 ikafika dola 99. Uingereza ilianza kwa pauni 299 Novemba 2000, na kabla mwaka haujaisha, Septemba 2001, ikawa 199. Ilikuwa kama ngazi, unajua kabisa kipandio kinachofuata kiko wapi. Ndiyo maana kila mtaa kwetu ulikuja kuwa na kibanda, tukakaa humo tunachezea PS2 mpaka pedi zinatoka mpira.

Kwa nini walikuwa wanashusha? Hapa niwape mfano wa kazini kwangu. Ile mashine ndogo ya kupima sukari kwenye damu, mara nyingi mgonjwa anaipata kwa bei ndogo sana, wakati mwingine anapewa bure. Kumbe hela iko kwenye vile vijiti vya kupimia, ambavyo atavinunua maisha yake yote. Mashine ya gemu nayo ni hivyo hivyo. PS3 ilipotoka Sony walikuwa wanaiuza kwa hasara, wakitegemea kurudisha hela kwenye gemu. Pamoja na hilo, kila baada ya muda mafundi wao walikuwa wanaweza kuzibana chipu mbili kuwa moja, mashine inapungua ukubwa, inakula umeme kidogo, kuitengeneza inakuwa rahisi. PS2 ile nyembamba ya 2004 ndiyo matokeo yake. Kwa hiyo kushusha bei haikuwa huruma, jamani. Gharama zilikuwa zinashuka na walitaka watu wengi zaidi wa kuwauzia gemu.

Na tetesi za bei Ulaya nazo hazijaanza leo. Microsoft waliingiza Xbox yao ya kwanza Ulaya tarehe 14 Machi 2002 kwa euro 479, Uingereza pauni 299. Haikuuzika. Aprili hiyo hiyo, wiki sita tu baadaye, wakashusha mpaka euro 299 na pauni 199! Fikiria wewe uliyewahi foleni siku ya kwanza. Watu walilalamika, ikabidi waliotangulia kununua wapewe gemu mbili na pedi moja ya kuwapoza. Tangu hapo wanunuzi wa Ulaya wakajifunza kusubiri, na kampuni zikajifunza kufunga midomo. Hakuna kampuni itakayokuambia "mwezi ujao tunapunguza", maana ikisema tu, maduka yatabaki na mzigo ambao hakuna atakayeugusa. Kwa hiyo unachokisoma kabla ya siku yenyewe, kwa asilimia kubwa, ni watu wanabashiri. Mdogo wangu umeweka biashara yako kwenye utabiri.

PS3 nayo iliwapa watu wa kusubiri sababu. Ilifika Ulaya tarehe 23 Machi 2007, na Afrika Kusini siku hiyo hiyo, kwa euro 599 huko Ulaya. Kelele zikawa nyingi. Oktoba 2007 wakaleta nyingine ya euro 399, ila ilikuwa na ujanja ndani yake: waliondoa uwezo wa kucheza gemu za PS2. Bei imeshuka na kitu kimepungua. Septemba 2009 ikaja nyembamba ya euro 299, nusu ya bei ya mwanzo kwa miaka miwili na nusu. PS4 ilianza 2013 kwa euro 399 na Oktoba 2015 ikawa 349. Mpaka hapo bado mdogo wangu yuko sahihi.

Sasa ngoja tufike kwenye PS5.

Ilitoka Novemba 2020. Ulaya ile ya CD ilikuwa euro 499, isiyo na CD euro 399. Kwa hesabu ya ngazi ya PS2, miaka miwili baadaye ilitakiwa iwe imeshuka vizuri tu. Badala yake Agosti 2022 Sony waliipandisha Ulaya: ya CD ikawa karibu euro 550. Aprili 2025 wakaipandisha tena ile isiyo na CD mpaka karibu euro 500, wakitaja mfumuko wa bei na fedha za kigeni kuyumba. Agosti 2025 zamu ikawa ya Wamarekani, dola 50 zaidi kwa kila mashine. Microsoft nao wakapandisha Xbox mwaka huo huo, Mei, na Marekani wakarudia tena Oktoba. Yaani mashine isiyo na CD, yenye umri wa zaidi ya miaka minne, ilikuwa imeongezeka euro 100 juu ya bei iliyozaliwa nayo. Hii haijawahi kuonekana enzi zetu. Kitu kinazeeka na bei inapanda, kama kiwanja Kigamboni.

Punguzo zipo, sikatai. Black Friday inapofika utaona bei imekatwa wiki moja au mbili, kisha inarudi pale pale. Hilo ni punguzo la duka. Bei yenyewe haijashuka, na ukichelewa siku mbili umelikosa.

Sababu ni kwamba ule ujanja wa kubana chipu hauleti tena unafuu kama zamani. Viwanda vinavyoweza kutengeneza chipu ndogo kabisa ni vichache, na vinatoza hela ya kweli. Halafu mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu ilipaa kwa sababu wenye vituo vya data vya akili mnemba walikuwa wanazigombania. Mtu wa gemu anapanga foleni nyuma ya matajiri. Kwa hiyo sioni ni nani atakayekuwa na haraka ya kukushushia wewe bei.

Lakini tuseme wanashusha. Tuseme kesho asubuhi Ulaya wanaamka na PS5 ya euro 350. Je, itafika Randburg?

Niwape hesabu ya 2020. PS5 ya CD ilipotangazwa, Ulaya euro 499, hapa Afrika Kusini randi 11,999. Wakati ule euro moja ilikuwa kama randi 20 hivi. Euro 499 ni kama randi 10,000. Hizo 2,000 za juu zimetoka wapi? Usinijibu kodi, maana na bei ya Ulaya ina kodi ndani yake. Ni mbali, ni soko dogo, ni randi isiyotabirika, muuzaji anajikinga kabla hajaumia. Mimi nalipwa kwa randi, ninajua. Randi ikianguka wiki hii bei zinapanda wiki ijayo. Randi ikipanda, bei zinapata usingizi mzito.

Hata ndani ya Ulaya yenyewe bei haikuwahi kuwa moja. Tarehe 30 Oktoba 2002 Tume ya Ulaya iliwapiga Nintendo faini ya euro milioni 149, kwa sababu katika miaka ya 1990 wao na wasambazaji wao walikuwa wanazuia bidhaa zisihame kutoka nchi ya bei rahisi kwenda nchi ya bei ghali. Uingereza vitu vyao vilikuwa rahisi kwa hadi asilimia 65 kuliko Ujerumani na Uholanzi, na mfanyabiashara aliyejaribu kuvivusha alikuwa ananyimwa mzigo. (Baadaye, 2009, mahakama iliwapunguzia faini ikawa kama milioni 119.) Jamaa zetu wa Kariakoo wangeielewa kesi hiyo bila mkalimani. Kama Mjerumani alizuiwa bei ya jirani yake, sisi wa huku mwisho tunasubiri nini?

Na sasa jambo ambalo mdogo wangu hajalifikiria, na ndilo lililonifanya niandike. PS4 unazotaka wewe hazitoki kiwandani. Ni mtumba. Mtumba wa mashine za gemu unatoka kwa mtu aliyenunua mpya. Kijana wa Ulaya, au huyu wa Randburg, akinunua PS5, ile PS4 yake anaipeleka dukani kuuza, na ndiyo inayokuja kwetu. Sasa PS5 inapopanda bei, yule kijana anaahirisha. Anabaki na PS4 yake mwaka mwingine, pengine miwili. Zinazofika mezani zinakuwa chache, na zinazofika zimechoka. Kwa hiyo wewe unasubiri bei ishuke huku foleni ya wanaotaka hiyo hiyo PS4 ya mtumba inarefuka. Hayo ni maoni yangu, sina shahada ya uchumi, ya kwangu ni ya uuguzi. Ila macho ninayo.

Haya tupige hesabu ya darasa la tano. Tuseme umebahatika, PS4 ya mtumba imeshuka randi 500 kwa kila moja. Mashine tatu, randi 1,500. Kwa shilingi 140 hivi kwa randi, umeokoa 210,000. Kodi ya fremu iliyofungwa miezi mitatu ni 240,000. Umeshapata hasara ya elfu thelathini, na bei yenyewe bado haijashuka! Na hapo sijahesabu mapato. Wewe mwenyewe uliniambia mechi moja ni shilingi 500. Mashine tatu, kila moja mechi kumi na tano tu kwa siku, hiyo ni 22,500. Toa umeme, toa pedi zinazovunjwa na wanaofungwa goli dakika ya mwisho, bado kuna kitu. Mara siku tisini. Mimi nilipofanya hesabu hiyo saa kumi usiku kwenye mapumziko ya zamu, chai ilinipalia.

Utaniambia "lakini dada, PS5 ndiyo ya kisasa, wateja wataikimbia PS4". Mpenzi, wateja wako wanataka mpira. Mpira unapatikana kwenye mashine za zamani miaka mingi baada ya mpya kutoka. FIFA 14, ya mwaka 2013, ilitoka hata kwa PS2, mashine ya mwaka 2000! PS3 ilipata FIFA mpaka FIFA 19. Na EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025 baada ya FIFA kubadilishwa jina 2023, imetoka na kwa PS4 pia. Kwa hiyo kibanda cha PS4 hakijafa.

Na naomba sana usishawishike na ile PS5 isiyo na CD kwa kuwa ni rahisi. Hiyo gemu zake zinashushwa kwa intaneti kutoka duka la Sony, gigabaiti makumi kwa makumi, hilo bando utalinunua kwa mshahara wa nani? Halafu ukitaka kufungua akaunti utakuta nchi yetu haimo. Mei 2024 yalizuka makelele ya dunia nzima kuhusu gemu ya Helldivers 2. Sony walitaka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti yao, gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo, mpaka wakaachana na lile sharti. Afrika yote iliyokuwa kwenye orodha ya akaunti ni Afrika Kusini tu. Watu nyumbani wanadanganya nchi ili wafungue, najua. Lakini biashara inayolisha nyumba isisimame juu ya uongo wa anwani. CD unaweza kuiazima, kuiuza, kuibadilisha na mwenye kibanda wa jirani. Chukua ya CD.

Mitumba ya hapa nitaikagua mwenyewe. Maduka kama Cash Crusaders na Cash Converters yanazo, na wanakuruhusu uwashe kabla ya kulipa. Nitasikiliza feni. Ikivuma kama mgonjwa wa pumu naiacha. Nitachomeka waya wa TV nitikise, maana tundu likilegea hiyo ni kazi ya fundi. Na nitauliza umri, kwa sababu mashine nyingi za huku zimepitia ule mgao mkali wa umeme wa 2022 na 2023, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo mara tatu kwa siku. Wewe huko nunua kifaa cha kulinda umeme kabla ya bango.

Kwenye kuchagua mashine siko mgeni kabisa, msinicheke. Mwaka 2018 nilimsindikiza mtoto wa mwenzangu wa kazini kwenye maonyesho ya gemu ya rAge, pale kwenye lile jumba la Dome, Northgate, dakika chache tu kutoka hapa. Nilikaa saa sita na miguu inauma kuliko zamu ya wodini, vijana maelfu wamebeba kompyuta zao kama watu wanaohama. Nilitoka nikijua tofauti ya PS4 ya kawaida, nyembamba na Pro. Dome lenyewe liliuzwa 2021, sasa wanauzia magari. Huwa napita na teksi nikiangalia magari yamepangwa pale walipokuwa wamekaa wale watoto.

Mama ana wasiwasi mwingine kabisa, kwamba kibanda kitakusanya watoro wa shule na wavuta bangi. Mama, umesema kweli, na vibanda vingi ndivyo vilivyo. Tumekubaliana na mdogo wangu: mwenye sare haingii mpaka saa kumi jioni, na saa tatu usiku kufuli. Akivunja, wewe uko jirani, una fimbo.

Jambo moja kwa faida ya wote mnaopanga kuja kunitembelea. Mimi ni mkazi hapa kwa hiyo VAT ya asilimia 15 nailipa na imekwenda. Lakini mgeni mwenye pasipoti ya nje, anayeondoka na bidhaa zake ndani ya siku 90 na risiti halali ya kodi, anaweza kudai irudishwe pale O.R. Tambo, mradi manunuzi yazidi randi 250. Dai kabla hujakabidhi begi, maana watataka kuiona bidhaa. Shangazi anakuja mwezi ujao... shangazi, unaanza kuelewa naelekea wapi? PS4 moja mpya ukiipata kwa jina lako, ile kodi inarudi. Ukifika Dar usiifiche, ushuru wa forodha na VAT vipo pale pale.

Kwa hiyo mdogo wangu, nimeamua. Jumamosi naingia Cresta asubuhi, halafu napita mitumba ya katikati ya Randburg. Nanunua mbili, siyo tatu, kwa bei nitakayoikuta. Moja inakuja na shangazi, nyingine nampa yule dada wa Mbeya anayerudi kwa basi la Harare na Lusaka, utaipokea Tunduma au atakufikishia. Ya tatu utanunua wewe mwenyewe kwa mapato ya hizo mbili, hata kama siku hiyo Ulaya wanazigawa bure barabarani.

Mwingine mwenye shida ya kitu cha huku aniandikie kabla ya Ijumaa usiku, na atume na hela. Nasema tena: na hela! Nawasilisha.